Feni 48 za bafuni: shajara ya mradi wa kuzuia moto unaoanzia darini

Kabla ya kuanza

Jengo ni la ghorofa 6 jijini Dar es Salaam, nyumba 4 kila ghorofa, na kila nyumba ina mabafu 2. Bafu la masta liko katikati ya nyumba, halina dirisha. Hewa yake inavutwa na feni ya darini yenye kasha la plastiki na kusukumwa kwenye bomba la inchi 4 hadi kwenye mfereji wa mabomba unaopanda mpaka paani. Bafu la wageni lina feni ya ukutani ya inchi 6 inayotoa hewa moja kwa moja nje. Zote 48 zilifungwa wakati wa ujenzi, na tangu hapo utaratibu umekuwa ule ule wa majengo mengi: iliyoungua inabadilishwa, inayozunguka haiguswi.

Mradi umetokana na feni moja ya masta, ghorofa ya 3. Mpangaji alisikia harufu ya plastiki inayoungua akazima swichi. Ilipofunguliwa, panga zilikuwa zimegoma, koili nyeusi, na kasha limelainika upande mmoja hadi likabonyea. Silingi bodi iliyo jirani nalo ilikuwa na duara la kahawia. Breka ya taa haikukata, na RCD (kifaa kinachokata umeme unapovuja) nayo haikukata.

Lengo: kila feni iwe safi, iweze kuanza kuzunguka yenyewe kila umeme unaporudi, iwe na fyuzi ya joto (kidude ndani ya mota kinachokata umeme joto likizidi) iliyo hai, na iungwe kwenye waya na breka inayostahili. Kazi yote ya nyaya inafanywa na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Kusafisha kunaweza kufanywa na yeyote wa matengenezo aliyeelekezwa, mradi umeme umekatwa na kupimwa.

Wiki ya 1: kwa nini breka haikuona kitu

Swali la kwanza la wapangaji lilikuwa la haki kabisa: kama breka ipo, moto unatoka wapi? Inabidi lijibiwe kwa hesabu, maana bila kulielewa hili watu wataendelea kuitegemea breka kwa kazi isiyo yake.

Feni ya bafuni ya wati 30 kwenye volti 230 inavuta takriban 0.13 A. Mota yake mara nyingi ni ile ndogo yenye koili moja na pete za shaba zilizopachikwa kwenye chuma, isiyo na kapasita. Ikigoma, mkondo unapanda, lakini haupandi kwa kishindo. Hata tukiuweka maradufu ni 0.26 A. Breka ya 6 A kwa kiwango cha kimataifa cha IEC 60898 inaweza kubeba mara 1.13 ya namba yake kwa saa nzima bila kukata, na inalazimika kukata ndani ya saa moja mkondo ukifika mara 1.45, yaani 8.7 A. Kwa breka hiyo, feni iliyogoma ni sawa na taa ndogo imewashwa.

RCD ya 30 mA inalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Koili inayojichemsha yenyewe haivujishi umeme popote. Wote unarudi kwenye nyutro, na RCD inatulia. Hata fyuzi ya 3 A, pale ilipofungwa, inalinda waya wa feni na si mota. Vifaa hivi vyote vitakata baadaye, koili ikishaungua na kupiga shoti, na wakati huo plastiki inaweza kuwa tayari imeshika.

Sasa angalia joto lenyewe. Mota hii inapozwa na hewa inayosukumwa na panga zake. Panga zikisimama, upoozaji unakwisha papo hapo huku umeme ukiendelea kuingia, na joto lote linabaki ndani ya koili inayoenea kiganjani. Vumbi lililoganda juu yake linalizuia lisitoke. Varnishi ya waya wa koili huwa ya daraja la B, mwisho 130°C, au F, mwisho 155°C. Plastiki ya ABS, ambayo makasha mengi yametengenezwa kwayo, huanza kulainika karibu na 100°C. Maana yake kasha linaweza kulegea na kugusana na mota hata kabla koili haijafa.

Jambo la pili halisemwi vya kutosha, na kwa mji wetu ni zito: umeme kukatika na kurudi. Mota za aina hii zina nguvu ndogo sana ya kuanzia. Feni yenye bushi kavu (bushi ni kijibomba cha chuma ambamo ekseli ya mota huzunguka) inaweza kuendelea kuzunguka kwa sababu tayari inazunguka. Umeme ukikatika inasimama, inapoa, mafuta machache yaliyobaki yanashikana na vumbi. Umeme ukirudi saa 8 usiku swichi bado iko chini, feni inavuma, panga hazisogei, na hakuna mtu bafuni. Umeme ukirudi mdogo ni balaa zaidi, kwa kuwa nguvu ya kuzungusha inashuka kwa mraba wa volti: volti 184 ni asilimia 80 ya 230, lakini nguvu ya kuanzia inabaki asilimia 64 tu.

Kwa hiyo mradi huu umejengwa juu ya kipimo kimoja kuliko vingine vyote: feni ikizimwa na kupoa, je, inaanza yenyewe?

Wiki ya 2: ukaguzi bila bisibisi

Kila feni ilipewa namba ya nyumba na herufi, M kwa masta na W kwa wageni, kisha ikapitishwa kwenye vipimo hivi.

Karatasi. Kipande cha karatasi ya chooni kinawekwa kwenye gridi feni ikizunguka. Kikishika chenyewe, hewa inavutwa. Kikidondoka, kuna uchafu, bomba limeziba, au mlango hauingizi hewa. Kipimo hiki kinaeleza habari ya hewa tu. Feni inaweza kushika karatasi vizuri leo na kugoma kesho.

Kuanza upya. Iwashwe dakika 15, izimwe dakika 10, iwashwe tena. Lazima panga zianze ndani ya sekunde 3. Inayosita, inayotetemeka kabla ya kuondoka, au inayotaka kusukumwa kwa kidole imefeli. Hapa hatukuwa na msamaha: feni ya kusukumwa kwa kidole inakatwa umeme siku hiyo hiyo, hata kama mwenye nyumba anasema imekuwa hivyo miaka yote na haijaleta shida.

Kusimama. Ukiizima, panga zenye afya hupungua mwendo taratibu. Zikisimama ghafla kama zimeshikwa, bushi ni kavu au uchafu unakwaruza kasha.

Sauti na pua. Mvumo bila mzunguko ni hatari ya sasa hivi. Mluzi mwembamba ni bushi kavu. Mtikisiko ni uchafu usiolingana kwenye panga, ambao polepole hulichonga tundu la bushi likawa yai. Harufu ya plastiki au varnishi, au gridi iliyogeuka kahawia katikati, haihitaji kipimo kingine.

Mkondo. Klampu mita nyingi hazisomi vizuri mkondo mdogo namna hii. Dawa yake ni kuuzungushia waya wa fezi pekee mara 10 kwenye taya la mita, kisha kugawa kwa 10: ikionyesha 1.3 A, ukweli ni 0.13 A. Ukibana fezi na nyutro pamoja utasoma sifuri. Usomaji ulinganishwe na kibandiko cha feni. Ulio juu yake kwa zaidi ya robo umewekewa alama.

Baada ya hapo kila feni ikabandikwa rangi: kijani ni kusafisha tu, njano ni kusafisha na kupima tena, nyekundu imekatwa umeme. Nyekundu nyingi ni za masta, na sababu iko wazi: hakuna dirisha, swichi ya feni ni ile ile ya taa, na wengi huiacha usiku kucha ili bafu likauke.

Wiki ya 3 na ya 4: kufungua na kusafisha

Utaratibu uliotumika kwa kila feni, kwa mpangilio wake:

1. Zima breka ya feni kwenye meni swichi, ifunge kwa kufuli yake au tepu, ubandike karatasi yenye jina la anayefanya kazi. Kuzima swichi ya ukutani hakutoshi, kwa sababu kwenye nyumba kadhaa swichi inakata nyutro badala ya fezi.
2. Pima kwa multimita: fezi na nyutro, fezi na ethi, nyutro na ethi. Jaribu mita kwanza kwenye soketi yenye umeme, upime feni, kisha urudi kuijaribu tena kwenye soketi.
3. Toa gridi. Za darini hushikwa na springi mbili, zivute chini kwa usawa. Za ukutani zina skrubu moja chini.
4. Piga picha ya nyaya kabla ya kuzigusa. Nyumba zilizofanyiwa marekebisho zina nyekundu na nyeusi za zamani zikikutana na kahawia na bluu za sasa, na wakati mwingine nyeusi imetumika kama fezi.
5. Toa panga. Kwenye aina nyingine kofia inayobana panga inafunguka kinyume, kwa kugeuza kulia. Jaribu pande zote mbili kabla ya kulazimisha.
6. Gridi na panga zioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, zikauke kabisa. Mota haiguswi na maji. Inasafishwa kwa brashi kavu ya rangi ya inchi 2 na mashine ya kufyonza vumbi. Ukitumia kompresa, shika ekseli isizunguke, maana hewa ya kompresa huizungusha kwa kasi ambayo bushi haikuundiwa.
7. Safisha nafasi kati ya koili na chuma, na matundu ya kasha yanayopitisha hewa ya kupoza. Hapa ndipo uchafu wenye madhara unapokaa, na ndipo watu wanapoparuka kwa sababu hapaonekani kutoka chini.
8. Kutu nyepesi kwenye ekseli itolewe kwa msasa laini wa namba 600, kisha ifutwe kwa kitambaa ili punje zisiingie kwenye bushi. Hewa ya chumvi ya pwani inaleta kutu hii hata kwenye feni ambazo hazijarukiwa na maji.
9. Tone 2 za mafuta mepesi ya mota za umeme, SAE 20 yasiyo na sabuni, kwenye unyoya wa kila bushi, yaani kile kitambaa kinachoshika mafuta. Yakikosekana, mafuta ya cherehani yanafaa, ila yanakauka mapema. Futa yaliyozidi, kwa sababu mafuta ya nje ya bushi ni gundi ya vumbi.
10. Zungusha kwa mkono. Ekseli izunguke huru, na ikitikiswa pembeni isicheze. Inayocheza haitibiki kwa mafuta.
11. Rudisha, washa, rudia kipimo cha kuanza upya na cha mkondo, andika tarehe ndani ya gridi kwa kalamu isiyofutika.

Mafuta ya kupikia yalikutwa kwenye feni kadhaa. Yanalainisha kwa muda mfupi kisha yanaganda kuwa utomvu, na feni inakuwa mbaya kuliko ilivyokuwa kavu. Dawa za kupulizia za kulegeza kutu nazo si mafuta ya bushi: zinayeyusha mafuta yaliyomo kwenye unyoya, zinakauka, na kuacha chuma kikisuguana na chuma. Zinawaka kirahisi pia, kwa hiyo kuzipulizia kwenye mota ya moto ni hatari ya peke yake. Grisi ni nzito mno kwa mota yenye nguvu ndogo ya kuanzia. Feni chache zenye beringi za kuviringika hazitiwi mafuta kabisa. Beringi ikilia inabadilishwa, na kwa zile tulizofungua ni namba 608ZZ, yaani tundu 8 mm, kipenyo 22 mm, unene 7 mm.

Feni ya masta ya ghorofa ya 5 inastahili kuelezwa kwa undani, kwa kuwa ilibeba karibu kila kasoro. Uchafu wa panga ulikuwa na tabaka mbili. La nje ni nyuzi za taulo, kijivu na jepesi. La ndani ni uji mgumu uliochanganyika na poda, nywele na dawa ya kupuliza nywele, umeshika kiasi cha kutolewa kwa kijiti cha mbao. Kati ya panga na kasha alikuwepo mjusi aliyekauka, amebanwa. Koili ilikuwa kahawia upande wa juu tu, ule usiofikiwa na hewa. Tepu ya koili ilikuwa imewahi kukatwa na kufungwa upya, na chini yake, mahali pa fyuzi ya joto, palikuwa na waya mtupu uliosokotwa na kuzungushiwa solataipu.

Hili la mwisho ndilo kubwa kuliko yote tuliyokuta. Fyuzi ya joto ni kidude kidogo kilichofichwa kwenye koili, kimeandikwa kitu kama 115°C 2A 250V. Joto likifika hapo inakata moja kwa moja na hairudi. Kama hesabu ya wiki ya 1 ilivyoonyesha, ndicho kinga pekee inayoona mota iliyogoma. Fundi anayeletewa feni iliyokufa anakuta fyuzi imekata, anairuka kwa waya, feni inazunguka, mteja anafurahi. Lakini fyuzi ilikata kwa sababu koili ilichemka, na sababu hiyo bado ipo. Sasa itachemka bila cha kuizuia.

Msimamo wa mradi: fyuzi iliyokata ni feni ya kutupwa. Fyuzi iliyorukwa, hata feni ikiwa inazunguka vizuri kiasi gani, ni feni ya kutupwa. Vilevile hatusuki upya mota hizi. Kusuka hupoteza fyuzi ya kiwandani, na daraja la varnishi ya waya mpya halijulikani.

Kuna aina nyingine ya kinga, inayokata na kurudi yenyewe ikipoa. Hiyo ni bora kuliko kukosa, ila ina tabia ya kuficha ugonjwa: feni iliyogoma inachemka, inakata, inapoa, inawaka, inachemka tena, majuma kwa majuma, na kila mzunguko varnishi inazidi kukakamaa. Kanuni ya mafundi wa mota ni kwamba kila nyongeza ya 10°C juu ya kiwango cha varnishi inapunguza umri wake kwa nusu.

Wiki ya 5: wayaringi juu ya dari

Kila tundu la feni ya masta lilitumika kuangalia darini kwa taa ya kichwani.

Maungio mengi yamesokotwa na kufungwa tepu nyeusi, yamelala juu ya silingi bodi. Gundi ya tepu inalegea kwa joto la darini, tepu inafunguka, na ungio lililolegea linatoa cheche ndogo ambazo breka haizioni. Yote yamehamishiwa kwenye konekta za skrubu ndani ya boksi lenye kifuniko. Waya uchunwe mm 8 hivi, shaba yote iingie, isionekane nje, na uvutwe kwa mkono kabla ya kufunga kifuniko.

Nyumba kadhaa zilikuwa na feni iliyodandia waya wa heater ya kuogea. Aliyeifunga alitafuta umeme wa karibu. Heater iko kwenye waya mnene na breka ya 32 A; feni imeungwa hapo kwa waya wa 0.75 mm², ambao uwezo wake ni 6 A. Waya huo ukitafunwa na panya au kubanwa na skrubu, unaweza kuwaka mwekundu muda mrefu kabla breka ya 32 A haijashtuka. Zote zimerudishwa kwenye saketi ya taa kwa waya wa 1.5 mm², kupitia spaa (kiungio cha ukutani) yenye fyuzi ya 3 A, na swichi ya kukata fezi na nyutro kwa pamoja imewekwa nje ya mlango wa bafu. Swichi hiyo inasaidia mara mbili: fundi anaitumia akisafisha, na mwenye nyumba anaikata anaposafiri.

Waya mpya umepimwa kwa mega (kipimo cha uimara wa ganda la waya) ya volti 500, kiwango cha chini 1 MΩ. Feni zenye taima zilifunguliwa kwanza, maana volti 500 inaua saketi ya taima.

Povu la kujazia. Pengo kati ya kasha la feni na silingi bodi lilijazwa povu la njano la kupulizia. Aina hiyo ya kawaida inawaka vizuri na kutoa moshi wenye sumu, na hapa imekaa ikigusana na kasha la mota. Limekatwa lote kwa kisu, mapengo yakazibwa kwa plasta ya jipsamu.

Wiki ya 6: bomba, mfereji na mlango

Feni safi kwenye bomba lililoziba bado inachemka, kwa kuwa hewa haipiti juu ya koili.

Upande wa nje, tundu za ukutani zilifunikwa kwa wavu wa mbu. Nia ilikuwa njema. Lakini matundu ya wavu wa mbu hukamata nyuzi zote za taulo, na kwenye feni nyingi wavu ulikuwa umegeuka blanketi. Badala yake umewekwa wavu wa mabati wa matundu ya mm 6 kuzuia ndege na panya, pamoja na vifuniko vinavyojifunga feni ikisimama. Hivyo ndivyo vinavyozuia mbu na mijusi. Vifuniko viwili vilikuwa vimegandishwa na nyumba za nyigu wa udongo, feni ikisukuma hewa isiyo na pa kwenda.

Bomba linaloteremka kuelekea kwenye feni linarudisha maji ya mvuke kwenye mota. Yote yameinamishwa kuelekea nje, na mabomba laini ya kukunjika yaliyokuwa yamening'inia na kushika maji yamebadilishwa kwa PVC ngumu ya inchi 4. Kwenye nyumba mbili bomba liliishia darini. Mvuke na nyuzi kavu vilikuwa vikirundikana juu ya mbao. Hilo halikusubiri zamu, lilifanywa kwanza.

Mfereji wa mabomba ndio unaoweza kupeleka moto wa ghorofa ya 2 hadi ya 6. Kila bomba linapoingia humo, pengo la ukutani limezibwa kwa zege la mchanga na saruji, na kola inayovimba ikipata joto imefungwa kwenye bomba ili plastiki ikiyeyuka tundu lijifunge.

Mlango: feni haiwezi kutoa hewa isiyoingia. Pengo la mm 10 chini ya mlango linatosha. Milango iliyokuwa imefungwa mpira wa kuzuia mende imerekebishwa.

Wiki ya 7: feni mpya

Feni zilizokuwa nyekundu na zile zilizofeli baada ya kusafishwa zimebadilishwa. Masharti ya ununuzi: fyuzi ya joto au kinga ya mota iwe imetajwa kwenye kibandiko au karatasi ya kiwanda, IPX4 (kinga dhidi ya maji ya kurukia) kwa zinazokaa juu ya sehemu ya kuogea chini ya mita 2.25, iwe imejaribiwa kwa IEC 60335-2-80, ambacho ndicho kiwango cha feni, na beringi za kuviringika kwa bafu za masta, kwa sababu zinaanza kwa urahisi zaidi kuliko bushi baada ya umeme kukatika. Yenye alama ya miraba miwili, mmoja ndani ya mwingine, haihitaji ethi. Yenye kasha la bati lazima iungwe ethi.

Tulikataa feni zenye kihisi cha unyevu. Zinauzwa kama za kisasa, na kwenye nchi za hewa kavu zinafaa. Dar es Salaam hewa yenyewe ya kawaida mara nyingi iko juu ya asilimia 70 ya unyevu, hivyo kihisi kilichowekwa hapo hakiizimi feni mchana wala usiku. Badala yake za masta zimewekewa taima: inawaka na taa, inaendelea dakika 15 baada ya taa kuzimwa, kisha inajikata. Hii pekee imeondoa tabia ya kulala feni ikiwa imewashwa. Taima inataka nyaya tatu: fezi ya kudumu, fezi inayotoka kwenye swichi, na nyutro.

Ving'amuzi vya moshi vimefungwa kwenye ukumbi wa vyumba, si bafuni, na si chini ya sm 90 kutoka mlango wa bafu, kwa sababu mvuke huvipigisha kelele za bure hadi watu wanavitoa betri. Vinabonyezwa kila mwezi, vinabadilishwa vikifika miaka 10.

Tangazo lililobandikwa kila nyumba:

*Ndugu mpangaji, feni ya bafuni ikivuma bila kuzunguka, ikitoa harufu au ikichelewa kuanza, izime kwenye swichi iliyo nje ya mlango na utoe taarifa siku hiyo hiyo. Tafadhali usiisukume kwa kidole wala kijiti. Ukiona moshi: kata umeme kwenye meni swichi, usimwagie maji, usifungue dari, funga mlango wa bafu, toeni watu wote nje, kisha piga 114 Zimamoto. Hata moshi ukikata wenyewe, waite. Mbao za darini zinaweza kuwa zinaungua ndani kwa ndani. Gridi ifute vumbi kwa kitambaa kikavu kila mwezi, feni ikiwa imezimwa.*

Yaliyobaki

Nyumba mbili za ghorofa ya 6 hazijafunguliwa, wenyewe wamesafiri; umeme wa feni zao umekatwa kwenye swichi za nje. Kola za mfereji za ghorofa ya 1 na ya 2 hazijafika. Feni za njano zinarudiwa kipimo cha kuanza upya mwezi ujao. Ratiba ya kudumu: za masta kufunguliwa na kusafishwa kila miezi 6, za ukutani kila mwaka, na kipimo cha kuanza upya kwa feni zote kila baada ya miezi 3, kikifanywa na mlinzi wa zamu kwa fomu ya safu tatu: namba ya feni, sekunde za kuanza, saini.